Picha ya Pili

Dada alikuwa hajatoka vizuri mlangoni mwa chumba cha vipimo alipoigeuza karatasi yake kunielekea, akaweka kidole juu ya kipande chekundu kilichochorwa upande wa chini wa duara la jicho la kulia, kisha akaniuliza kwa sauti ya mwalimu aliyezoea kujibiwa: "Sasa hapa nimelipia nini?"

Daktari alikuwa amemweleza kwa upole na hakumharakisha. "Mama, siwezi kukuambia kwamba una glakoma, na siwezi kukuambia kwamba huna. Presha ya macho ni kumi na nane, iko sawa. Uwanda wa kuona ni mzuri. Ila kwenye picha kuna mahali pameonekana pembamba kidogo. Urudi baada ya miezi sita tupige nyingine."

Dada ana miaka 49, anafundisha darasa la nne, na haumwi macho. Alikwenda kwa sababu baba yetu aliingia kaburini akiwa haoni, na ndugu wa damu wa mgonjwa wa glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho taratibu, wana hatari kubwa kuliko watu wengine. Alitaka jibu la ndiyo au hapana, akapewa tarehe ya kurudi.

Swali lake limenikalia kichwani kwa wiki kadhaa.

Ndani ya chumba

Fundi aliniruhusu nikae nyuma yake, karibu na kioo cha kompyuta. Alifuta mahali pa kuwekea kidevu kwa pamba yenye spiriti, akamwambia dada asogeze paji la uso mpaka liguse mkanda, aangalie alama ya kijani iliyomo ndani na asipepese. Hakuna kilichogusa jicho. Kazi yenyewe ilichukua sekunde chache, na kwenye kioo ikatokea retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iliyokatwa kwa upande, matabaka ya kijivu yaliyolaliana, meusi kwa meupe.

Picha ya kwanza fundi aliikataa. Pembeni palikuwa na namba inayoonyesha nguvu ya mwanga uliorudi kutoka jichoni, nayo ilisoma tano kati ya kumi. "Chini ya sita siichukui," alisema bila kugeuka, "itanipa wembamba wa uongo." Alimtilia dada matone ya kulainisha jicho, akamwambia apepese mara kadhaa kisha atulie, akapiga tena. Safari hii ilisoma nane.

Nilikuwa nimekwenda pale nikiamini kwamba mashine ya namna hiyo inapima tu, na binadamu anasoma. Nikakuta ubora wa kipimo unategemea machozi ya mgonjwa, uvumilivu wa fundi, na uamuzi wake wa kufuta picha ambayo fundi mwingine mwenye foleni ndefu nje angeiacha ipite.

Mwanga unaorudi

Kipimo hicho hujulikana kwa herufi tatu, OCT. Kilitangazwa mwaka 1991 katika jarida la Science na kundi la watafiti wa Massachusetts, wakiwamo David Huang, aliyekuwa bado mwanafunzi, James Fujimoto, na Eric Swanson, mhandisi aliyetokea kwenye kazi za mawasiliano ya setilaiti kwa njia ya mwanga. Watatu hao walipewa tuzo ya Lasker, tuzo ya Marekani ya utafiti wa tiba, mwaka 2023, na sidhani kama kuna daktari wa macho aliyeshangaa.

Ultrasaundi hutuma sauti mwilini na kupima muda inaochukua kurudi. Ukitaka kufanya hivyo kwa mwanga unakwama mara moja, kwa kuwa mwanga una kasi ambayo hakuna saa ya kielektroniki inayoweza kuifuatilia katika umbali mdogo kama unene wa retina. Njia waliyoitumia ni kuugawa mwanga wa infraredi mara mbili, nusu iende jichoni na nusu iende kwenye kioo ambacho umbali wake unajulikana, halafu nusu hizo zikutanishwe tena. Zinapokuwa zimesafiri umbali unaolingana, mawimbi yake huingiliana kwa namna inayopimika, na kutokana na muingiliano huo kompyuta hujua mwanga umerudishwa kutoka kina gani. Mashine za sasa hutenganisha vitu vilivyopishana kwa takriban maikromita 5.

Kwa glakoma, tabaka linalotafutwa ni la nyuzi za neva. Kila jicho lina nyuzi zipatazo milioni moja, zinazotambaa juu ya retina na kukusanyika nyuma ya jicho ili zitoke pamoja kuelekea ubongoni. Kuzunguka mahali zinapotokea, kwa mtu mzima mwenye afya, wastani wa unene wa tabaka hilo unakaribia maikromita 100, yaani unene wa karatasi moja ya kuandikia. Glakoma huua nyuzi hizo taratibu, na zinavyokufa, tabaka linapungua.

Kabla ya hapo daktari alitegemea jicho lake mwenyewe. Tangu Hermann von Helmholtz alipobuni oftalmoskopu mwaka 1851, waganga waliweza kuchungulia kichwa cha neva, yaani mahali nyuzi hizo zinapotokea, ndani ya mtu aliye hai, wakaona kwamba katika ugonjwa huu shimo la katikati yake hupanuka. Ila madaktari wawili wakiangalia jicho moja wanaweza kutofautiana juu ya upana wa shimo, na daktari yuleyule akiliangalia tena mwaka unaofuata anaweza kujipinga mwenyewe. Faida ya kwanza ya OCT ni kwamba inatoa namba.

Nyekundu ile

Nikarudi kwenye kipande chekundu.

Rangi kwenye karatasi zinatokana na ulinganisho. Kijani maana yake unene wako uko ndani ya kiwango cha kawaida cha watu wa umri wako. Manjano maana yake uko miongoni mwa asilimia 5 wenye tabaka jembamba zaidi. Nyekundu maana yake uko chini ya asilimia 1. Hao unaolinganishwa nao ni watu wenye macho mazima ambao mtengenezaji aliwapima na kuwahifadhi ndani ya mashine. Katika mojawapo ya mashine zinazotumika sana duniani, watu hao hawafiki 300, na wenye asili ya Kiafrika hawafiki robo yao, nao ni Wamarekani. Umri umezingatiwa. Mambo mengine mengi hayakuzingatiwa.

Na yapo mengi. Mwenye jicho refu, yule asiyeona mbali bila miwani, huwa na nyuzi zilizopangika tofauti, na mashine inaweza kumpaka nyekundu ilhali hana ugonjwa wowote. Watu wenye asili ya Kiafrika kwa wastani wana kichwa cha neva kikubwa zaidi, na shimo kubwa la katikati linaweza kuwa ndiyo hali yao ya kuzaliwa. Madaktari wanalo hata jina la utani la jambo hili. Wanauita ugonjwa wa nyekundu, yaani ugonjwa uliomo kwenye karatasi na haumo jichoni.

Kisha nikafanya hesabu ambayo ilinisumbua zaidi. Duara la kila jicho limegawanywa vipande kumi na viwili, kama saa ya ukutani. Macho mawili, vipande ishirini na vinne. Ikiwa kila kipande kina uwezekano wa asilimia 1 wa kuwa chekundu kwa mtu mzima wa afya, na kama vipande hivyo visingetegemeana, basi takriban mtu mmoja katika kila watano wenye macho mazima angetoka na angalau kipande kimoja chekundu. Kwa kweli vipande vinategemeana, kwa hiyo idadi halisi ni ndogo kuliko hiyo, lakini si ndogo kiasi cha kukifanya kipande kimoja kuwa hukumu.

Wiki ile nilikuwa karibu kumwambia dada kwamba swali lake lilikuwa sahihi na hela yake imepotea.

Kilichonizuia

Kilichonizuia ni baba.

Baba hakuwahi kusema kwamba macho yanapungua. Glakoma ya aina iliyozoeleka haiumi, na inaanza kula pembeni, mahali ambapo ubongo una tabia ya kujaza pengo kwa kukisia kinachopaswa kuwapo. Mgonjwa haoni giza popote. Anajikuta tu anagonga bega kwenye fremu ya mlango, anamwaga chai, anashangaa pikipiki imetokea wapi. Mzee alipopelekwa hospitali jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, na la kulia lilibaki na nafasi ndogo ya katikati. Nyuzi zilizokufa hazioti tena. Dawa, leza na upasuaji hushusha presha ili zilizobaki zidumu, na hapo ndipo uwezo wa tiba unapokoma.

Baba hakuwa wa peke yake. Uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya wilaya ya Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu zaidi ya 3,200 wenye miaka 40 na kuendelea, ukakuta glakoma kwa takriban asilimia 4. Ukiwakusanya watu mia wa umri huo kwenye mkutano wa kijiji, wanne wanayo, na wengi wao wamekaa wanamwona msemaji vizuri kabisa.

Kipimo cha uwanda wa kuona, kile ambacho mgonjwa hubonyeza kitufe kila aonapo kinukta cha mwanga, kimekuwa mizani ya ugonjwa huu kwa miongo mingi. Lakini utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 2000, uliolinganisha kipimo hicho na hesabu ya seli kwenye macho ya marehemu, ulionyesha kwamba dosari huanza kuonekana waziwazi baada ya asilimia 25 hadi 35 ya seli husika kufa. Presha nayo haitoshi kuwa mlinzi, kwa sababu watu wengi wenye glakoma wakipimwa siku moja tu huonekana wako ndani ya kiwango cha kawaida, kama kumi na nane ya dada.

Kwa hiyo "uwanda ni mzuri" na "presha iko sawa" hazikuwa habari njema kwa kiasi ambacho tuliziona kuwa njema siku ile.

Namba moja haisemi

Jibu la swali la dada lilinijia nilipoacha kuitazama rangi nikaanza kuitazama namba. Wastani wa jicho lake la kulia ulikuwa maikromita 84. Watu hawazaliwi na unene unaolingana. Yupo aliyezaliwa na tabaka nene ambaye leo ana 84 akiwa ameshapoteza sehemu ya nyuzi zake, na karatasi yake bado ikawa ya kijani. Na yupo aliyezaliwa na tabaka jembamba, ambaye 84 yake ya leo ni umri tu. Mashine haiwezi kuwatofautisha watu hao wawili kwa picha moja. Hata ingekuwa na watu milioni wa kulinganisha nao, isingeweza.

Inaweza kuwatofautisha kwa picha ya pili, na vizuri zaidi kwa ya tatu na ya nne. Tabaka hupungua kwa umri kidogo sana, chini ya maikromita 1 kwa mwaka. Ukimpima mtu yuleyule mara mbili kwa siku moja, namba inaweza kupishana kwa maikromita tatu au nne bila sababu yoyote ya ugonjwa. Kwa hiyo 84 ikiwa 82 haina maana kubwa. Ikiwa 84, kisha 80, kisha 76, katika jicho lilelile, hapo mtu analinganishwa na nafsi yake mwenyewe, na suala la asili yake, urefu wa jicho lake na ukubwa wa kichwa cha neva yake linapoteza uzito, kwa kuwa hayo yote yalikuwapo tangu picha ya kwanza.

Alicholipia dada ni namba ya kuanzia.

Thamani yake iko mbele, na itapatikana tu kama namba hiyo itakuwapo siku itakapohitajika. Hapa ndipo wasiwasi wangu ulipohama kutoka kwenye mashine kwenda kwenye kabati la mafaili.

Nilirudi kumuuliza fundi picha zinakaa wapi. Akagonga kasha la kompyuta kwa kalamu: "Humu humu." Na mashine ikibadilishwa? Akatabasamu. Vipimo vya kampuni moja havilinganishwi na vya kampuni nyingine, kwa sababu kila programu ina namna yake ya kuamua tabaka linaanzia wapi na kuishia wapi; jicho lilelile linaweza kutofautiana kwa maikromita kadhaa kati ya mashine mbili zilizowekwa meza moja, na tofauti hiyo inatosha kuzua ugonjwa usiokuwapo au kuuficha uliopo. Mtu aliyepima Dar es Salaam akahamishiwa Mbeya, akakuta mashine ya kampuni nyingine, anaanza upya. Mtu aliyepima hospitali ya kwanza ambayo mashine yake iliharibika pamoja na diski yake, anaanza upya vilevile, na ugonjwa haukumsubiri.

Sijaona mjadala wa namna hiyo tunapopokea mashine mpya. Huwa kuna utepe, mkasi na hotuba. Picha za wagonjwa wa mashine ya zamani hazitajwi, ingawa kwa ugonjwa unaopimwa kwa miaka, hizo ndizo mali kubwa kuliko mashine yenyewe.

Matone ya miaka thelathini

Tuchukulie picha ya tatu imethibitisha. Mtu asiyeumwa anaambiwa atie dawa jichoni kila siku maisha yake yote, dawa ambayo haitamfanya aone vizuri kuliko jana na ambayo pengine itamwasha. Baba aliacha matone yake baada ya miezi michache kwa sababu, alisema, hayakumsaidia kuona. Kwa mantiki yake alikuwa sahihi.

Ndiyo maana sitaki kipande kimoja chekundu kiwe tiketi ya dawa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu 1,636 wenye presha ya jicho iliyopanda, ambao hawakuwa na madhara yoyote bado, waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka mitano glakoma ilijitokeza kwa asilimia 4.4 ya waliotibiwa na asilimia 9.5 ya wasiotibiwa. Dawa ilifanya kazi. Lakini zaidi ya watu tisa katika kila kumi wasiotibiwa hawakupata kitu katika muda huo. Mwaka 2022 jopo la Marekani linaloshauri juu ya huduma za kinga lilisema ushahidi haujatosha kupendekeza, wala kukataza, kuwapima glakoma watu wazima wote wasio na dalili. Nadhani uangalifu huo una maana kwetu pia, isipokuwa kwa familia kama yetu, ambayo haiwezi kuhesabiwa kuwa ya watu wote.

Upande wa tiba kuna habari ambayo ningependa isikike zaidi. Hospitali ya KCMC, Moshi, iliendesha jaribio lililochapishwa katika Lancet Global Health mwaka 2021, ikilinganisha matone ya timolol na leza inayopigwa kwenye njia ya kutolea maji ya jicho. Wagonjwa walikuwa 201. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza na asilimia 31 ya yaliyotiwa matone. Kwa mtu anayeishi mbali na duka la dawa, na kwa mzee wa hulka ya baba, tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Leza nayo nguvu yake hupungua na huenda ikarudiwa, kwa hiyo bado inamtaka mgonjwa arudi.

Kenya nako, huko Nakuru, kundi la daktari wa macho Andrew Bastawrous lilionyesha mwaka 2016 kwamba kifaa kidogo kilichobandikwa kwenye simu kinaweza kupiga picha za kichwa cha neva zinazokaribiana na za kamera kubwa ya hospitali, hata mpigaji akiwa si mtaalamu wa macho. Picha hizo ni za juu tu, hazipimi unene wa tabaka. Zinaweza kumpata aliyeharibika sana na kumleta mjini haraka. Kazi hizo mbili zisichanganywe: aliyeharibika sana kipimo hiki cha OCT hakimfai sana, kwa sababu tabaka likishafika maikromita hamsini na kitu halipungui tena hata nyuzi zikiendelea kufa, kinachobaki kupimika ni mishipa ya damu na tishu za kushikilia. Mtu wa namna hiyo anafuatiliwa kwa kubonyeza kitufe.

Kaka

Tumezaliwa watatu. Mimi nimeshapima, namba zangu ninazo, na nimeomba nakala ya faili lenyewe kwenye flashi badala ya karatasi peke yake. Fundi alishangaa kidogo, akanipa. Dada naye ameomba lake.

Kaka yetu mkubwa anaendesha lori la masafa marefu, Dar es Salaam hadi Tunduma, na ndiye mwenye umri mkubwa kuliko sisi, kwa hiyo ndiye mwenye hatari kubwa kuliko sisi. Nilimpigia simu nikamweleza yote haya, pengine kwa kirefu kupita kiasi. Alisikiliza. Hakuuliza kuhusu mwanga wala gharama. Aliuliza: "Mdogo wangu, hiyo karatasi ikitoka nyekundu, bosi ataiona?"

Nilimwambia kwamba kipimo ni siri yake na daktari. Akanyamaza, kisha akauliza la pili, ambalo ndilo gumu: je, akijua kwamba pembeni haoni vizuri, ataendelea kushika usukani?

Nikamjibu kwamba hilo halijibiwi na picha ya tabaka, linajibiwa na kipimo cha kitufe, na kwamba akipimwa mapema kuna uwezekano mkubwa wa kukutwa kitufe bado kinasema anaona kote. Alisema mzigo wa sasa akiushusha atapita.

Nimemwandikia jina la kliniki na aina ya mashine, ili ikibidi apimwe mahali pengine siku za usoni, ajue pa kurudi.